Upanga kwanza, hadithi baadaye

Mtu akiniletea upanga wa zamani, humwomba asinisimulie chochote kwanza. Auweke mezani, avute kiti, anywe chai. Wengine hukereka, maana wamekuja na hadithi imewajaa kifuani: babu alikuwa jeshi la Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), mzungu wa Njoro aliuacha alipouza shamba, msafara wa Waarabu uliupitisha kwao. Nitaisikiliza, tena kwa hamu kubwa. Ila nikiisikia mapema nitaanza kuitafutia ushahidi kwenye chuma, na nitauona hata mahali ambapo haupo.

Mimi ni fundi wa chuma. Nilianzia jua kali ya Kibuye, Kisumu, nikisubu sufuria za aluminiamu na kukunja majiko, kisha nikahamia Nakuru na polepole nikaingia kwenye ukarabati wa vitu vya kale. Nyanda hizi ndiko walowezi wengi walikopewa mashamba, wakiwemo maafisa wa jeshi waliogawiwa ardhi kwa mpango wa mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wengi wao walipoondoka miaka ya uhuru, waliacha nyumba na vilivyomo: makabati, saa za ukutani, na hapa na pale upanga umetundikwa juu ya meko. Magharibi nako, kutoka Mumias hadi Vihiga, kuna panga zilizoingia kwa njia nyingine kabisa. Na katikati ya hizo zote kuna nakala za juzi zinazouzwa kwa bei ya kale. Inaniuma sana nikikuta familia imeuza kitu halisi kwa bei ya chuma chakavu, huku jirani yao amelipa pesa nyingi kwa pambo la ukutani, wote wawili kwa kumwamini mtu aliyetazama dakika moja.

Ufundi wa jua kali ndio ulionipa macho. Aliyemimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu ya mchanga anazijua dalili zake: vishimo vidogo vya hewa, kona zilizolainika, na ule mstari mwembamba mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Aliyeshika grainda anaujua mkwaruzo wake hata ukifunikwa kwa kiwi. Panga nyingi za kughushi zinajisaliti kwa mambo haya ya karakana, si kwa mambo ya historia.

Kitu cha kwanza ninachopima ni unene wa bapa, yaani ubavu wa ubao, ile sehemu ya chuma inayokata. Nachukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, napima karibu na mpini, katikati, kisha kiganja kimoja kabla ya ncha. Upanga uliotengenezwa kwa ajili ya kupigania hupungua unene kadiri unavyokwenda mbele, maana mhunzi aliuvuta ukiwa moto, na maana askari alihitaji kuugeuza mkononi haraka bila mkono kuchoka. Ni kama fimbo ya kuvulia samaki, nene mkononi na nyembamba kule mbele. Nakala nyingi zimekatwa kwenye bamba la chuma la unene mmoja, zikanolewa pembeni basi. Ukiushika, ncha inakuvuta chini, mkono unalemewa hata kabla hujaunyanyua. Watu hudhani uzito ndio uhalisi, wanasema, “Shika uone, ni chuma kweli hiki!” Upanga wa afisa wa Kiingereza wa mtindo wa 1897, wenye ubao wa chuma wa sentimita 82 na ushei, ni mwepesi kuliko wanavyodhania wengi, na unageuka mkononi bila kukushinda.

Kisha naenda nyuma, kwenye kichwa cha mpini. Msuka, yaani ule ulimi wa chuma unaopita ndani ya mpini, hutokea huko nyuma, na wahunzi wa zamani waliuponda kwa nyundo hadi ukatanuka na kushika, kazi ileile ya ribiti. Ukikuta nati ya kisasa yenye pande sita, uliza maswali zaidi. Usihukumu bado, kwa sababu mpini huweza kubadilishwa na fundi wa baadaye, na panga za gwaride za miaka ya karibuni nyingi hufungwa kwa nati. Dalili moja haitoshi kamwe. Ninataka dalili zinazotoka sehemu tofauti za upanga, zote zikisema jambo lile lile.

Nikupe mfano wa Njoro. Mama mmoja aliniita nitazame panga mbili zilizokuwa ukutani tangu marehemu mumewe aliponunua nyumba pamoja na vyombo vyake. Kwa mbali zilikuwa pacha: zote mtindo wa 1897, zote na kinga ya mkono ya chuma iliyotobolewa kwa maua na herufi za ufalme. Alitaka kuziuza pamoja.

“Hizi ni mtu na ndugu yake, fundi,” akaniambia. Nikamwomba tuzitoe nje kwenye mwanga.

Ya kwanza ilikuwa na herufi za mfalme George wa Tano, aliyetawala 1910 hadi 1936, na taji yenye matao yaliyoviringana, sio ile iliyobonyea katikati ambayo Waingereza waliitumia chini ya Elizabeth wa Pili kuanzia miaka ya 1950. Mpini ulikuwa wa mbao iliyovishwa ngozi ya samaki yenye chembe ngumu, ukazungushiwa waya wa rangi ya fedha. Waya huo ulikuwa umelegea upande wa kidole gumba na kukaza kwingine, na ngozi ya hapo imelika ikawa laini. Kinga ilikuwa imebabuka nikeli kwenye kingo zilizokuwa zikisugua nguo, na ndani, mahali nguo haifiki, nikeli ilikuwa nzima. Uchakavu wa kweli una sababu. Unaweza kuuliza kila mkwaruzo, “Wewe ulitokana na nini?” na ukajibiwa.

Karibu na kinga, juu ya bapa, palikuwa na kidoto cha shaba ya manjano ndani ya nyota ya pembe sita. Hiyo ni alama ya kampuni ya Wilkinson ya London kwamba ubao ulipimwa nguvu ukashinda. Kidoto halisi kimezamishwa ndani ya chuma kikawa sawa nacho, ukipitisha ukucha haukwami. Kisha nikatia mafuta mepesi kwenye kitambaa, nikapangusa mgongo wa upanga taratibu, na chini ya uchafu zikaibuka tarakimu. Nambari hizo ndizo hazina kubwa kuliko zote, kwa sababu daftari za kampuni ile zimehifadhiwa, na nambari huonyesha mwaka upanga ulipotengenezwa, na mara nyingine jina la mnunuzi wa kwanza. Wilkinson waliacha kutengeneza panga mwaka 2005, ila nambari zao bado zinasomeka.

Ya pili haikuwa na nambari. Kidoto chake kilikuwa kimesimama juu ya chuma, na mistari ya nyota haikulingana. Kinga ilikuwa na herufi za Malkia Viktoria, aliyefariki 1901, lakini ubao ulichorwa herufi za Elizabeth, aliyeanza kutawala 1952. Herufi kutopatana si ushahidi kamili, kwa kuwa wako maafisa waliobaki na ubao wao wa zamani wakauvisha kinga mpya mfalme alipobadilika. Hapa mambo yalikuwa kinyume, ubao mpya ndani ya kinga kuukuu, na kinga yenyewe ilikuwa imesubiwa: kona za matundu zimeviringana, na ndani ya ua moja vishimo vya hewa vinaonekana kwa kioo cha kukuzia. Kwenye upanga halisi matundu yale yalikatwa kwenye bamba, kingo zake zinaonekana zimekatwa.

Nikamwonyesha mama jambo moja zaidi, na ndilo lililomshawishi. Nikaugeuza ubao mpaka kivuli cha fremu ya dirisha kikaanguka juu ya bapa kama mstari ulionyooka. Nikausogeza polepole. Karibu na kinga mstari ule ukapinda, ukaingia ndani kidogo, ukatoka ukanyooka tena. Pale palikuwa na bonde dogo ambalo jicho haliwezi kuliona lenyewe. Mtu alikuwa amesaga kitu akakiondoa, na pahala hapo ndipo panga nyingi za mapambo zinazotengenezwa India hugongwa muhuri wa nchi zilikotoka. Karakana za Dehradun, kwa mfano, zimetengeneza panga za namna hii miaka mingi, na hakuna ubaya wowote, zinauzwa wazi kama zilivyo. Udanganyifu unaanzia kwa yule anayefuta muhuri na kuupaka upanga asidi ya betri ili uonekane mzee.

Kuhusu hiyo asidi, kutu nayo ina lugha yake. Kutu ya miaka huwa nyeusi au rangi ya kahawia iliyoiva, imeng'ang'ania, na hukaa mahali unyevu ulipokaa: chini ya kinga, kwenye mdomo wa ala, alama ya kidole cha mtu aliyeushika akaurudisha bila kuupangusa. Kutu ya kulazimishwa ni ya rangi ya machungwa, imeenea sawasawa hadi ndani ya michoro, na ukipangusa inakuja na kitambaa. Upanga uliooza kila mahali kwa kiasi kimoja haukuzeeka, ulizamishwa.

Makali butu pia yasikutie shaka. Panga za maafisa hazikunolewa wakati wa amani. Zilinolewa agizo la kwenda vitani lilipotoka, kama ilivyokuwa 1914. Upanga halisi unaweza kuwa haujawahi kukata hata nyasi.

Sasa nije Vihiga, kwa sababu hapo ndipo nilipoona dhuluma inavyofanyika kwa maneno matamu. Mzee mmoja wa karibu na Mbale alikuwa na upanga wa Kijapani aliouacha baba yake, askari wa Keya. Mnunuzi kutoka Nairobi alikuwa amekuja, akautazama, akawaambia ni bandia kwa sababu tatu: una nambari iliyogongwa, mpini ni wa aluminiamu iliyopakwa rangi, na ubao umetengenezwa kwa mashine. Akawaonea huruma, akatoa bei ya kuku wachache. Vijana wa nyumba walikuwa tayari kupokea. Mzee akasema subirini, kuna fundi Nakuru.

Yote matatu aliyoyasema mnunuzi yalikuwa kweli, na yote matatu ndiyo yanayouthibitisha. Mwaka 1935 jeshi la Japani lilianza kuwapa masajini upanga unaoitwa aina ya 95, jina lililotokana na mwaka wa 2595 wa kalenda yao ya kifalme. Afisa alijinunulia wake, wakati mwingine akaweka ubao wa kale wa ukoo. Sajini alikabidhiwa mali ya serikali, imetengenezwa kiwandani, ina nambari kama bunduki. Mipini ya mwanzo ilisubiwa kwa shaba, baadaye kwa aluminiamu, ikachorwa na kupakwa rangi ifanane na mpini uliosukwa kwa utepe. Anayetafuta mkono wa mhunzi na saini ya bwana mkubwa kwenye upanga wa sajini anatafuta kisichokuwepo tangu mwanzo.

Nikatazama nambari kwenye ubao, kisha nambari kwenye mdomo wa ala. Zilikuwa moja. Tarakimu zilikuwa ndogo, zimegongwa moja moja, hazikukaa kwenye mstari kamili. Rangi ya mpini ilibaki ndani ya mitaro ya michoro, na migongo yake imeng'aa kwa kushikwa. Skrubu inayopita katikati ya mpini haikuwa na alama ya bisibisi kuteleza. Kifungo cha kubana upanga kwenye ala kilikuwa bado kinalia na kushika. Kwenye pete ya mbele ya mpini palikuwa na mihuri midogo ya kiwanda cha silaha. Nakala za upanga huu zipo tele, nyingi kutoka China, na mpini wake mara nyingi ni shaba nzito yenye michoro ya ovyo, mfuo, yaani mtaro mrefu wa bapa, unaishia vibaya karibu na ncha, na tarakimu ni kubwa mno. Huu wa Vihiga haukuwa na hata moja ya hayo.

Ingekuwa ni upanga wa afisa ningeomba ruhusa kutoa kijiti cha mianzi kinachoshika mpini na kuutazama msuka. Huko ndiko umri wa ubao wa Kijapani unakojificha. Msuka wa zamani una kutu nyeusi, laini, na saini iliyopigwa kwa patasi, kutu imeingia ndani ya herufi zenyewe. Msuka wa kughushi una mikwaruzo ya grainda na herufi zilizochorwa kwa asidi, safi ndani, chafu nje. Hata ule mstari wa mawimbi pembeni mwa makali unaweza kuchorwa kwa brashi ya waya. Wa kweli ulitokana na udongo uliopakwa ubao kabla ya kuzamishwa majini ukiwa moto, na ukiuinamisha kwenye mwanga unaona chembe zinazometa ndani ya chuma. Wa uongo umelala juu juu. Kijana wa jirani aliniletea wake siku hiyo hiyo, una majoka ya dhahabu kwenye ala, alionunua kwa pesa za mahindi ya msimu mzima. Chini ya utepe wa mpini, mahali pa ngozi ya samaki aitwaye taa yenye chembe kubwa na ndogo, palikuwa na plastiki yenye nundu za saizi moja. Sikufurahia kumwambia.

Baada ya hapo ndipo nikasema, mzee, sasa nisimulie. Akaleta sanduku la bati. Mlikuwa na nyota ya shaba ya Burma, medali ya Vita vya Pili vya Dunia, na karatasi ya kuachishwa jeshi. Nyota zile za Waingereza hazikuandikwa majina, kwa hiyo nyota peke yake haimtaji mtu. Karatasi ndiyo iliyokuwa na jina la baba yake. Vijana wa Keya kutoka sehemu hizi walikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944 katika mvua na matope, ikaingia Kalewa mwezi wa Desemba. Upanga wa sajini wa Kijapani kufika Vihiga ni jambo linaloingia akilini kabisa.

“Kwa hivyo aliupata vitani?” mzee akaniuliza.

“Upanga ni wa kweli, mzee, na baba alikuwa askari wa kweli. Alivyoupata, chuma hakisemi.”

Alitaka niseme zaidi, na ningependa kusema zaidi. Lakini nikianza kuijazia familia historia kwa sababu inapendeza, nimekuwa sawa na yule mnunuzi, ila mimi nadanganya kwa upole.

Mumias ndiko nilikokutana na upanga ulionishughulisha kuliko yote. Misafara ya pwani ilifika huko karne ya 19, na mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alikuta njia iliyokwisha kukanyagwa na wafanyabiashara. Familia moja ya Kiislamu ina upanga ulionyooka, makali kuwili, mpini mrefu usio na kinga, wa mtindo wa Oman. Mpini umezungushiwa uzi mpya wa nailoni. Ubao una mifuo mitatu, na karibu na mpini kuna mnyama aliyechorwa kwa mikwaruzo michache, mbwa mwitu anayekimbia. Mtu aliyesoma kidogo angeruka: alama ya Solingen, mji wa wahunzi wa panga huko Ujerumani! Kweli, bao nyingi za Ulaya ziliuzwa Arabuni na kuvishwa mipini ya huko. Lakini mbwa mwitu huyo aliigwa karne nyingi. Solingen wenyewe walimchukua kutoka Passau, mji mwingine wa Ujerumani, na wahunzi wa nchi nyingine wakawaiga wao kwa kuwa alama iliuza. Alama ni kitu rahisi kuliko vyote kuiba. Nilichokiamini ni ubao: umepungua unene vizuri, umenolewa mara nyingi hadi mfuo wa pembeni umekaribia ukingo, na umekunjika kidogo pale ulipopiga kitu kigumu. Mpini wa juzi, ubao wa zamani. Je, ni bandia? Hapana. Upanga unaotumiwa hufanyiwa matengenezo, na uzi wa nailoni umeandika kwamba kizazi cha sasa bado kinautunza.

Ndivyo ilivyo hata kwa sime za huku kwetu. Sime iliyofuliwa kutoka springi ya gari, au kutoka tupa kuukuu ambayo meno yake bado yanaonekana kwenye bapa, ni halali kabisa ikiwa ilifuliwa ivaliwe kiunoni. Ile ya bamba laini lisilo na mgongo katikati, yenye ala nyekundu inayonuka rangi, ilitengenezwa kwa ajili ya mtalii. Inunue kwa bei hiyo.

Watu wa Mumias niliwaambia pia habari ya sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kisheria, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Anayekuambia atakuuzia Ulaya kimyakimya anakuingiza matatani. Na tafadhali, msisugue. Waya wa sufuria, msasa, ndimu na majivu vimeangamiza panga nyingi kuliko kutu. Mafuta mepesi ya mashine kwenye kitambaa cha pamba yanatosha kwa ubao, msuka usiguswe kabisa, na upanga usihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi yenye unyevu.

Kila ninayemtazamia humwandikia karatasi yenye sehemu mbili: juu, nilichokiona na kukipima. Chini, alichonisimulia mwenyewe, kwa jina la aliyesimulia na tarehe. Sichanganyi. Mzee wa Vihiga aliisoma ya kwake mara mbili, akamwita mjukuu aongeze chini jina la kijiji alichozaliwa baba yake, kisha akaomba nakala ya pili kwa ajili ya dada yake aliyeolewa Kakamega.